Kamba ya Awuor

Nianze kwa kukiri, maana watu wa landi waliobaki hai bado wananijua, na watanisuta nikijifanya mwema. Mimi ndiye niliyemcheka Awuor kuliko wote. Nilimcheka mikono kiunoni, nilimcheka mbele ya watoto wake, na wale majirani waliokuwa na aibu ya kumcheka niliwafundisha. Kwa hiyo kisa hiki nakisimulia mimi, si mtu mwingine. Ni deni la mdomo wangu.

Landi ni zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, zilizopangwa mstari mmoja mrefu, mlango kwa mlango. Mume wangu Wamalwa alikuwa fundi katika karakana ya injini, nasi tulipewa nyumba ya mwisho kwenye mstari, yenye kijichumba cha ziada pembeni. Nilijivunia kile kijichumba kama mtu aliyejengewa ghorofa. Mwaka wa hamsini na nne, mlango wa tatu kutoka kwetu, akahamia Ogola na mkewe Awuor na watoto wanne. Kazi ya Ogola ilikuwa kugeuza reli pale stesheni, ili treni ya Kisumu isiende Eldoret na ya Eldoret isiende Kisumu.

Awuor alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye mwendo wa haraka na maneno machache. Kwao ni Kano, kule Mto Nyando unakovunja kingo na kuingia majumbani bila kubisha hodi. Alilelewa na mama aliyefunga kamba kutoka mlangoni hadi kwenye kichuguu kirefu nyuma ya boma. Maji yakija, kila mtoto alishika kamba akapanda kichuguuni. Chakula na mablanketi vilining'inizwa darini mwaka mzima. Kwao hayo yalikuwa mambo ya kawaida, kama vile wewe unavyofunga mlango jioni.

Sasa mtu huyo akaja Nakuru, mahali ambapo mvua ikinyesha maji yote yanateremka ziwani, akafunga furushi darini. Ndani yake mlikuwa na mablanketi mawili, unga, na kadi za ubatizo za watoto. Mimi nilipoliona nilicheka hadi nikakaa chini.

"Mama Achola," nikamwambia, kwa jina la binti yake wa kwanza, "wewe unafikiri hii ni Kano? Hapa mafuriko itakukuta wapi? Itapanda treni?"

Aliendelea kukaza furushi lake. Wakati ule neno hatari lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari, askari wakipita na bunduki, na mwanamume akiulizwa kipande, yaani kitambulisho, hata akiwa njiani kwenda chooni. Sisi tukadhani hatari ni ile tu, ya askari na bunduki. Awuor aliwaza na zile nyingine ambazo hazitangazwi na mtu.

Miezi michache baadaye stovu yake ya mafuta ya taa ikalipuka moto akipika chai. Moto haukuenda pembeni. Ulipanda moja kwa moja hadi darini, ambako sote wa landi tulitandaza magunia kuzuia baridi ya mabati, na ukalikuta furushi linausubiri. Ogola aliuzima kwa gunia lililoloweshwa, lakini mablanketi, unga na kadi za ubatizo viliteketea. Nyumba ilipona. Furushi la kujiokoa ndilo lililoungua peke yake!

Mimi nikasimama mlangoni pao. "Pole, Mama Achola. Kumbe mafuriko ya Nakuru inakuja na moshi?" Majirani wakaangua kicheko, nami nikajiona mjanja sana siku ile.

Awuor alikaa kizingitini siku nzima akiyatazama majivu ya lile furushi. Jioni akaja kwangu. Nilijikaza nikijua anakuja kunitukana, na ulimi wangu nilikuwa nimeshaunoa. Lakini alisema kwa upole, kama mtu anayefikiri kwa sauti: "Mama Micah, ile kosa ni yangu. Kwetu taabu inatoka chini, ndiyo tunaweka vitu juu. Hapa mimi nimeweka vitu pale pale moto inakimbilia. Sasa lazima nianze tena, nijue taabu ya hapa inatembea namna gani."

Akaanza tena. Furushi jipya aliliweka ndani ya debe la mpini, chini kabisa, nyuma ya mlango. Pembeni aliweka ndoo ya mchanga na ndoo ya maji. Ogola alimpatia filimbi kuukuu, akaivaa shingoni kutwa. Kisha akanunua kamba ya katani, akaifunga kwenye mwimo wa mlango wake, ikapita nguzo kwa nguzo kwa kimo cha kiuno hadi bomba la maji lililokuwa kwenye uwanja mtupu nyuma ya landi. Kwenye kamba akapiga mafundo. Fundo moja kila hatua tano, ujue uko njiani. Mafundo mawili yalikaa pale njia ya chooni inapochepuka. Mafundo matatu yalimaanisha umefika bombani.

Kila Jumamosi alipuliza filimbi mara tatu. Watoto wake waliacha walichoshika, wakafungwa macho kwa vitambaa, wakaweka kitambaa kibichi puani, wakainama na kuifuata kamba hadi bombani. Huko walihesabiana kwa majina. Mwanangu Micah, aliyekuwa na miaka sita, akajiunga nao bila ruhusa yangu. Nilimchapa. Jumamosi iliyofuata akaenda tena.

Hata Kimutai, mlinzi wa landi, alishuku. Siku zile kila kitu kilishukiwa. Alikuja na rungu lake akaiangalia kamba mwanzo hadi mwisho. "Hii kamba ni ya kazi gani?"

"Ya kutoka nje," Awuor akajibu.

"Kutoka nje si mlango iko?"

"Mlango utauona kama unaona."

Kimutai akajikuna kichwa, akaenda zake. Nami nikapata kicheko cha wiki nzima.

Mwaka uliofuata akaja baba yake Ogola kutoka Gem, mzee mrefu aliyenyooka, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Alikuja kutafuta daktari, na daktari akamwambia ukweli kwamba macho hayo yamekwisha. Ikabidi angoje Ogola apate likizo ya kumrudisha nyumbani. Sasa kulala kwake kukawa shida. Kwa Wajaluo, mzazi hawezi kulala katika nyumba ya mwanawe. Pia mkwe mwanamke hamshiki baba mkwe mkono, wala baba mkwe hamshiki yeye. Wanaheshimiana kwa mbali. Nyumba ya Ogola ilikuwa chumba kimoja tu, kwa hiyo mzee akaletwa kwetu, kwenye kile kijichumba changu cha fahari. Wamalwa alikubali mara moja, maana hata kwetu Waluhya heshima hiyo tunaijua.

Awuor hakungoja siku ipite. Alikuja na kamba ya pili, akaifunga kwenye mwimo wa kijichumba, akaipitisha kwenye nguzo hadi ikaungana na ile yake, yenye mafundo yale yale. Kisha akasimama hatua kadhaa kutoka kwa mzee, akazungumza huku akiangalia pembeni.

"Baba, kamba iko hapa mkono wa kulia. Fundo mbili ni choo. Fundo tatu ni maji. Ukisikia filimbi mara tatu, shika."

Mzee aligeuza uso kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Mwambie huyo binti wa vyura kwamba mimi si mbuzi. Mbuzi ndiye anatembea na kamba."

Watu wa Gem wanakaa vilimani, nao huwaita wa Kano watu wa vyura kwa sababu ya mafuriko yao. Nilicheka tena. Awuor aliinamisha kichwa, akaondoka, na siku hiyo nilimwona amejifuta macho kwa ncha ya leso. Hilo nililiona, na bado nilicheka. Mungu anisamehe.

Ile kamba mpya nikaipatia kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa na mtoto mchanga, Zeddy, wa miezi minane, na nepi zake hazikuisha. Kamba ilipita mlangoni pangu, imekazwa vizuri, nami nikaanika.

"Mama Micah, kamba si ya nguo," Awuor alisema.

"Kwani imekataa?" nikamjibu.

Lakini kuna jambo niliona ambalo lilinifunga mdomo kidogo. Kila asubuhi, kabla watu hawajaamka vizuri, mzee alitoka kijichumbani peke yake. Alisimama, akasikiliza kama kuna mtu, kisha mkono wake ukaitafuta kamba. Akaenda nayo polepole, vidole vikihesabu, hadi kwenye mafundo mawili, akaingia chooni na kurudi. Kabla ya hapo alikuwa akishikwa mkono na wajukuu, naye alichukia kushikwa mkono kuliko kitu chochote. Baada ya wiki mbili alikuwa akienda hadi bombani kunawa uso, kwa mwendo wa mtu mwenye macho yake.

Nikamkimbilia Awuor. "Mbuzi wako anatumia kamba!"

Akanishika mkono, akanikazia macho. "Najua. Usiseme. Ukisema ataacha." Kisha akatabasamu, na hilo tabasamu sijalisahau.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana. Palipokuwa maji palibaki magadi meupe, na upepo ukivuma mchana uliyazoa na kuyaleta mjini. Ukitema mate unatema chumvi. Siku nyingi lilikuwa vumbi la kufanya mtu akohoe na kulaani. Siku moja ya Februari lilikuwa jambo jingine.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoa godoro letu la nyasi nje kulianika jua. Jiko la makaa lilikuwa barazani na sufuria ya maharagwe juu yake. Nepi nilikuwa nimezifua muda si mrefu, ziko kwenye kamba. Micah alikuwa akicheza kwa akina Achola. Nikagundua sina chumvi. Zeddy alikuwa amelala, nikamlaza kwenye kitanda cha mzee, maana mzee alipenda kumwimbia.

"Mzee, niangalizie mtoto. Nafika dukani."

"Kuangalia siwezi," akasema. "Nitamsikiliza."

Jiko nililiacha linawaka, hatua mbili kutoka kwenye godoro la nyasi. Nalisema hivi wazi ili mtu asiniulize moto ulitoka wapi. Ulitoka kwangu.

Nilikuwa ndani ya duka ukuta mweupe wa vumbi ulipotokea upande wa ziwani. Jua likazimika. Mwenye duka akafunga mlango, lakini mimi nikausukuma nikatoka, maana nilikumbuka jiko. Nje sikuona hata mkono wangu. Magadi yaliingia machoni yakachoma, nikafumba, nikafumbua, ikawa hakuna tofauti. Nikaanza kukimbia kuelekea nilikodhani ni nyumbani, nikagonga ukuta, nikaanguka. Hapo nikasikia harufu ya nyasi zinazoungua, na mtu akipiga kelele: "Moto! Nyumba ya mwisho! Kwa Wamalwa!"

Ujeuri wangu wote uliisha pale chini. Nilimwita Zeddy kwa jina, kana kwamba mtoto wa miezi minane angeitika. Nililia kama mtoto. Nilijua nyumba inaungua, nilijua ndani yake kuna mtoto wangu na kipofu, na sikujua nyumba iko upande gani.

Kisha nikasikia filimbi. Mara tatu. Kimya kidogo, halafu mara tatu tena. Nikatambaa kuifuata ile sauti, na mkono wangu ukagonga kamba.

Nimeishi miaka mingi na nimeshika vitu vya thamani, lakini sijawahi kushika kitu kama ile kamba. Nikaikamata. Fundo moja. Fundo moja. Mbele yangu walikuwapo wengine wameishika pia, watu wazima walioicheka pamoja nami, wakikohoa na kuinama kama watoto wa Awuor. Fundo moja. Mafundo mawili. Na mwishowe matatu, na sauti za watu wengi karibu na bomba.

Awuor alikuwa akihesabu kwa kuita majina. Watoto wake wanne waliitika. "Micah!" Micah akaitika, na kitambaa kibichi puani. Nikamkumbatia nikapiga yowe: "Zeddy! Zeddy yuko na mzee!"

Awuor hakuniuliza ni kwa nini nilimwacha. Alilowesha leso yake bombani, akajifunga usoni, akaiweka filimbi mdomoni, akaishika ile kamba ya pili na kurudi nayo kuelekea nyumbani kwangu. Nikamfuata, nimeshika nguo yake. Moshi mweusi ukachanganyika na lile vumbi jeupe. Alipuliza mara tatu, akangoja. Akapuliza tena. Joto likatupiga usoni. Mabati yalikuwa yakilia. Akaniambia, "Kaa hapa, usiachilie," akataka kwenda mbele.

Kamba ikatingishika mikononi mwetu.

Awuor akasimama. Ikatingishika tena, kwa mpango, kama inavyotingishika mtu anapoipitisha kiganjani akihesabu. Sisi sote wenye macho tulikuwa tumepotea siku ile. Katika landi nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye vumbi na moshi havikumpunguzia chochote, na njia ile alikuwa ameizoea kila asubuhi akidhani hakuna anayemwona.

Akatokea kwenye moshi ameinama, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umebana kitu ndani ya koti. Alikuwa amezizoa nepi zangu kila alipozikuta, nyingine ziko begani, nyingine zinaburuta. Moja, bado mbichi, alikuwa amemfunika nayo mtoto pua na mdomo. Zeddy alikuwa akilia kwa hasira. Hakuna wimbo uliowahi kunifurahisha kama kile kilio.

Mzee alisikia filimbi iko karibu, akasimama. "Nani hapo?"

"Ni mimi, baba," Awuor akasema.

Mzee akamnyooshea mtoto. Awuor akampokea, na katika kumpokea mikono yao ikagusana, akamshika mzee kiganja akakikaza. Tukarudi hivyo hivyo, kamba mkononi.

Bombani mzee akapapasa fundo la mwisho, mara mbili, kuhakikisha. "Tatu," akasema. "Nimefika?"

"Umefika, baba."

Watu walipiga vigelegele. Kimutai mlinzi alirusha rungu juu likamwangukia mguuni, na bado akacheka. Wanaume wakaja mbio kutoka karakana wakapanga mstari wa ndoo kutoka bombani, wakifuata kamba ile ile, wakauzima moto. Nyumba yetu iliungua yote pamoja na kijichumba, na ya jirani nusu. Upepo ulipotulia, Awuor alihesabu landi nzima mlango kwa mlango. Hakupungua mtu. Akarudia kuhesabu, na hakupungua mtu.

Jioni nilimwendea. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya toba, nikaanza kulia kabla sijasema la kwanza. Nikamwambia jiko lilikuwa langu, godoro langu, kicheko changu. Awuor alinisikiliza hadi mwisho, akimnywesha Zeddy maziwa kwa kikombe.

"Mama Micah," akasema, "kamba si ya nguo." Kisha akacheka, yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka hadi maziwa yakamtoka mtoto mdomoni, nami nikacheka naye.

Wiki ile duka la kamba liliishiwa. Kila mlango wa landi ulikuwa na yake, na Jumamosi filimbi ilipolia walitoka watu mia na zaidi, wameinama, na mimi mbele yao.

Mwezi wa nne Ogola akapata likizo ya kumrudisha baba yake Gem. Tulimsindikiza stesheni sote. Jukwaa lilikuwa limejaa watu, mizigo, kuku, na askari wanaouliza vipande. Ogola akamshika baba yake mkono ili amwongoze hadi behewani, kama desturi inavyomtaka mwana.

Mzee akautoa mkono. "Nyar Kano yuko wapi?"

Nyar Kano, yaani binti wa Kano. Awuor alishtuka. Tangu aje, mzee alikuwa hajamwita ila kwa vyura, tena kupitia kwangu. Akasogea hatua kadhaa, akaangalia chini. "Niko hapa, baba."

Mzee akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa kipande cha kamba ya katani, kimeungua ncha moja, kina fundo. Alikuwa amekikata mwenyewe kwenye ile kamba ya kijichumba changu, pale moto ulipoishia. Ncha moja akaishika, ya pili akainyoosha mbele yake hewani.

"Shika," akasema. "Tangulia."

Awuor akashika. Akatangulia kupita katikati ya umati ule, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na nyuma yake yule mzee mrefu amenyooka, kamba imekaza kati yao. Watu walikuwa wamesongamana, hawakupisha. Mzee akapaza sauti jukwaa zima likasikia.

"Pisheni! Pisheni, mbuzi wa Nyar Kano anapita!"